Nadhiri ya Mlango wa Kioo

Sogeeni karibu, na aliye jirani na mlango aurudishie. Nina wanawake watatu wa Makorora, Tanga, na kila mmoja ana lake. Hidaya alikuwa na nguvu: gunia la unga analiinua peke yake huku anakupa habari za jana. Bi Tunu, mshonaji, alikuwa na jicho la kipimo: ukipita tu njiani anajua kanzu yako ni fupi. Salha, mpambaji wa maharusi, alikuwa na mkono mtulivu, na hajawahi kumtoa bibi harusi mwenye nyusi zisizolingana. Nawapenda wote watatu, sifichi.

Hidaya alikuwa na wifi yake, Mwanaidi. Mume wa Mwanaidi, Mbaruku, dereva wa lori, alinunua mlango wa kioo wa hoteli iliyovunjwa, ule wa kusukuma pembeni. Akauweka upande wa uani, akasafiri. Mtaa mzima ulikuja kujitazama humo. Ila ulikuwa haufungiki, na uani kuna kisima, na ndani kuna Shafii wa miaka miwili, asiyesikia la mtu. Waliweka kijiti kwenye reli ya mlango. Shafii akakitoa, akakitafuna.

Mwanaidi alikuwa mjamzito, na daktari amemkataza kunyanyuka kitandani. Siku moja alimwona mwanawe ameinamia kisima, naye hawezi kumkimbilia. Jirani ndiye aliyemdaka. Mwanaidi alilia sana, kisha akaweka nadhiri mbele ya watu: "Atakayeufunga mlango huu, nikijaliwa binti, nitampa mwanangu jina lake."

Akaja Hidaya. Akausukuma mlango, ukakwaruza. "Umekaa chini huu, wifi. Unaburuza tumbo." Akauinua kwa bega, mkono wa pili akashika bisibisi, akazungusha skrubu za chini zinazosukuma vigurudumu chini, mpaka mlango ukasimama sawa. Sasa uliteleza kwa kidole. Tatizo ni kwamba hata Shafii ana vidole, na ndoano ya kitasa ilikuwa imevunjika.

Akaja Bi Tunu. Alikifungua kitasa kibovu, akapima kwa uzi nafasi kati ya matundu ya skrubu, akapiga fundo. Akazunguka madukani kutafuta kingine cha kipimo hicho. "Mama, vyote ni sawa tu," wauzaji walimwambia. Yeye alishusha uzi wake, akatikisa kichwa, akaenda duka la pili. Alikipata kwa mafundi alumini nyuma ya soko, ndani ya boksi la vyuma chakavu, na kikaingia mahali pake bila kulazimishwa. Wakaufunga mlango. Ndoano ikagonga bati la kwenye fremu, lile lenye tundu la kuipokea, ikarudi.

Akaja Salha na wanja wake. Aliipaka ndoano, akausukuma mlango polepole, akaufungua tena. Kwenye bati pakabaki alama nyeusi, juu kidogo ya tundu. "Legezeni skrubu, bati lipande," akasema. Akalisogeza, akapaka, akajaribu, akalisogeza tena, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Mwishowe ndoano ikazama, mlango ukashika.

Haukupita muda, wachota maji wakaacha kisima wazi. Shafii alitoka mbio, akavuta mlango, akasukuma, akabandika pua kwenye kioo, akaangua kilio. Mwanaidi anasema hajawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Binti akazaliwa. Siku ya saba ubani unafuka, nywele zimenyolewa, sheikh anasubiri jina. Mbaruku akasema kwenye simu, "Ni dada yangu Hidaya. Mlango uliolala chini unafungwaje?"

"Na bila kitasa cha Tunu mngeufunga kwa nini, kwa dua?" akauliza mama yake Mwanaidi.

Shangazi mmoja akadakia, "Mlango mlikuwa nao, kitasa mlikuwa nacho, na bado mtoto angetoka. Aliyefunga ni Salha."

Wenyewe watatu walimtazama tu yule mchanga, na Mwanaidi aliona wazi kwamba kila mmoja anamtaka awe somo yake. Moyo ulimuuma, kwa sababu nadhiri yake ilitaja mtu mmoja, na nadhiri haitenguliwi.

Sheikh akainama. "Mama, tumwite nani?"

Je, wewe unayenisikiliza, ungekuwa Mwanaidi, ungemjibu nini?