Mkeka wa Bibi Kakakuona

Paukwa.

Pakawa.

Na miyaa?

Isukwe.

Na mkeka?

Utandikwe.

Basi sogeeni. Wa nyuma waje mbele, leo sauti yangu ni ndogo.

Hapo zamani za kale, wanyama hawakuwa na vitabu. Mnyama mwenye jambo la kuwaachia wajukuu alisuka mkeka. Hapa alisuka mlima, pale akasuka mto. Na mkeka ulikuwa na desturi yake. Siku ya kuutandika, mtoto alifumba macho, akaweka kidole popote, akauliza, "Hapa palikuwaje?" Mwenye mkeka alijibu kwa kinywa chake mwenyewe.

Katika nchi hiyo aliishi Bibi Kakakuona. Wote walioona kiangazi kikubwa cha zamani walikuwa wamekufa, akabaki yeye. Yeye peke yake aliijua njia ya kwenda kwenye chemchemi iliyo nyuma ya milima.

Mwaka huo mvua ikachelewa. Mto ukawa kijito. Kijito kikawa matope. Bibi akayatazama matope, akaitazama miguu yake iliyochoka, akasema, "Mimi sifiki tena huko. Wajukuu wataenda peke yao. Na maneno matupu hupotea njiani, lakini mkeka hubebwa."

Akachukua miyaa, majani ya mkindu, akakaa kusuka. Lakini makucha yake yalikuwa ya kuchimbua vichuguu. Ukili wa kwanza, utepe uliosukwa wa kushonea mkeka, ukakatika. Wa pili ukachanika. Wa tatu ukapinda kama mkia wa panya.

Moyo ukamwambia, "Ukisuka mwenyewe, watakucheka. Ukisukiwa, je, wataelewa?" Bibi akajikunja, akawa duara.

Asubuhi akaenda kwa Fundi Mnana, ndege asiyeshindwa na kusuka. Akafika nusu ya njia, akarudi. Akaenda tena, akafika chini ya mti, akarudi. Mara ya tatu Mnana akamwona.

"Karibu Bibi. Mbona unauzunguka mti wangu kama mtu aliyepoteza sindano?"

Bibi akamweleza.

"Ni hilo tu?" Mnana akasema. "Wewe niambie, mimi nisuke. Mkeka wa Mzee Ngiri nimesuka mimi. Na hakuna anayejua. Malipo yangu ni kidogo: uwale sisimizi wanaowasumbua makinda wangu."

Basi Bibi akasimulia njia. Alipofika kwenye miamba miwili, akayakwepa macho ya Mnana. "Hapo njia inakata kona, ni pabaya," akasema. "Hapo tulimwacha dada yangu." Akarukia sehemu ya mbele ya njia. Mnana alikuwa na haraka, hakumuuliza.

Siku ya pili Mnana akamwonyesha ukili. Ulikuwa laini, umenyooka, unang'aa. Bibi akaupapasa polepole.

"Mwanangu, hapa kwenye miamba miwili, mbona njia imenyooka?"

"Kona inaharibu ukili, Bibi. Nimeweka ua."

Bibi akataka kusema, akaogopa. Fundi ni fundi. Akarudi nyumbani, usingizi ukamkataa.

Kesho yake Mzee Ngiri akatandika mkeka wake. Ulikuwa mzuri hata wanyama wakaguna kwa kustaajabu. Mtoto wa Swala akaweka kidole. "Hapa palikuwaje?"

"Hapo nilipigana," akasema Ngiri.

Mtoto wa Nyani akaweka kidole. "Na hapa?"

"Hapo pia nilipigana."

Mtoto wa tatu alikuwa Tunu, mjukuu wa Bibi Kakakuona. Akaweka kidole juu ya kitu chekundu. "Na hapa, babu?"

Ngiri akainama, akakitazama. Akahamia upande wa pili, akakitazama tena. "Hapo," akasema, "hapo… muulizeni Mnana."

Wanyama wakacheka. Bibi Kakakuona hakucheka. Aliwaza, "Huyu amepotea juu ya mkeka wake, na bado amekaa kwao. Wajukuu wangu watapotelea wapi?"

Akaenda kwa Mnana, safari hii bila kuzunguka mti.

"Fundi, sisimizi wako nitawala kama tulivyopatana. Nifundishe kulainisha miyaa. Nikimaliza, nishonee kili na unitilie pindo. Lakini njia nitaisuka mwenyewe."

"Watakucheka, Bibi."

"Najua."

Akasuka siku saba. Kwenye miamba miwili akalia, akaendelea. Hapo ukili ukajikunja, ukawa fundo baya.

Siku ya kutandika, wanyama wakacheka kweli. Ngiri alicheka kuliko wote. "Mkeka una jipu," akasema.

Tunu akafumba macho. Kidole kikagota kwenye fundo. "Bibi, hapa palikuwaje?"

Bibi akavuta pumzi. "Hapo, mjukuu wangu, pana miamba miwili. Katikati njia imenyooka na ina majani mabichi. Chini ya majani pana shimo. Dada yangu alipita katikati. Nyinyi mzunguke kushoto."

Kicheko kikaisha.

Matope yakakauka. Vijana wakaubeba mkeka, wakaenda. Bibi akabaki amejikunja, anahesabu siku. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Siku ya tatu akasikia vibuyu vikigongana, na maji yakicheza ndani yake. Akawahesabu vijana mmoja mmoja. Wote walikuwepo.

"Tulipapasa fundo, Bibi," akasema Tunu. "Tukazunguka kushoto."

Wanyama wote wakanywa, na Ngiri akanywa. Mnana naye akanywa, kisha akaja na miyaa mipya. "Bibi, sasa nikunyooshee lile fundo?"

Kabla Bibi hajajibu, Tunu alikwenda akalikalia fundo, akatulia.

Ndiyo maana, watoto wangu, wazee husema: omba msaada wa mikono, si aibu. Lakini jambo uliloliona wewe, liseme wewe, hata kama ulimi unatetemeka. Huenda pale unapoogopa kusema ndipo mwenzako atakapookoka.

Mkeka nimeukunja. Anayeutaka, akautandike kwao.