Mkate wa Udongo wa Lubaba

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa Shamu, mwaka uliofuata vita, wakati njaa ilipokuwa bado imewakaa watu mwilini, aliishi mwanamke mcha Mungu aliyeitwa Unaisa binti Sahli, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mjane, na wanawe wote alikwisha kuwazika. Akawakusanya mayatima wadogo wa mtaa wake, wale ambao hata meno ya utotoni hayajawatoka, akawa anawasomesha uani kwake.

Usomeshaji wake uliwashangaza watu. Hakushika fimbo wala hakukaa juu ya kiti. Aliketi vumbini pamoja nao, akawapa udongo wa mfinyanzi, wakazifinyanga herufi kabla ya kuziandika. Walihesabu kwa kokwa za zeituni. Aliyechoka aliachwa alale. Na kila asubuhi, kabla ya kufungua msahafu, aliwaacha wacheze: huyu awe mama, yule awe mgonjwa, yule muuza maziwa.

Miongoni mwao alikuwamo Lubaba. Wakati wa vita mama yake alimficha ndani ya tanuri la mkate, na mama huyo akauawa mbele ya tanuri hilo. Tangu siku alipotolewa humo, mtoto hakusema neno. Unaisa hakumlazimisha. Akamwachia udongo, na Lubaba akawa anafinyanga mkate mdogo na kuutia mkononi mwa mwalimu wake. Unaisa husema, "Bismillahi," akausogeza mdomoni, akatafuna hewa, kisha akasema, "Alhamdulillahi, mkate mtamu." Na mtoto humtazama mdomo bila kupepesa macho.

Mkate wa kuliwa ulitoka kwenye wakfu, na msimamizi wake alikuwa Sheikh Harthama, mtu wa swala na saumu, lakini mkavu wa moyo. Na watu wa namna hiyo hawajaisha duniani. Siku moja aliingia uani akamkuta Unaisa anatafuna hewa.

"Bi Unaisa, unawafundisha watoto uongo? Udongo unauita mkate?"

"Sheikh, mtoto anajua kuwa ni udongo, nami najua. Hapa hakuna aliyedanganywa."

"Wakfu haulishi wanaocheza. Ijumaa nitakuja kuwasikiliza wakisoma Alhamdu. Asiyesoma hana mkate."

Jirani wa Unaisa, Hababa, mwanamke mwenye huruma, akamnong'oneza, "Watasoma kwa pamoja, Bibi. Mkalishe Lubaba katikati yao, atikise kichwa kama wenzake. Nani atajua?"

Ijumaa ikafika. Watoto wakasoma kwa sauti moja, na Lubaba akayumba pamoja nao, mdomo umefungwa. Harthama akaridhika. "Wamesoma wote?"

Ndugu zangu, ni rahisi mno kusema ndiyo. Unaisa alimgeukia Lubaba, akamkuta anamtazama mdomo vilevile kama anaposubiri mkate wake wa udongo uliwe. Machozi yakamlenga.

"Si wote, Sheikh. Huyu hajasema bado. Lakini anasikia, na Mungu akipenda atasema. Nakuomba umvumilie."

"Sharti ni sharti," akasema Harthama, na fungu la Lubaba likakatwa.

Hababa alimjia juu Unaisa. "Umemnyima yatima chakula kwa ajili ya neno moja!"

"Mtoto huyu ananitazama mdomo kila siku," Unaisa akajibu. "Akiona maneno ni ya kudanganyia watu, atayataka ya nini? Na mkate hatanyimwa."

Kweli hakunyimwa. Unaisa aliumega mkate wake mwenyewe, sehemu laini ya ndani akampa Lubaba, ganda akabaki nalo yeye, wala hakumwambia mtu. Baridi ikaingia. Akaendelea kuketi vumbini na watoto mpaka miguu ikakataa, kisha akalala kwenye mkeka palepale uani, macho yakaanza kuona giza. Watoto wakawa wanasomea pembeni yake.

Asubuhi moja Lubaba akaja kama kawaida, akamtia mkate mdogo kiganjani. Unaisa akasema, "Bismillahi," akausogeza mdomoni, akatafuna hewa. "Alhamdulillahi, mkate mtamu."

Mtoto akatikisa kichwa. Akaushika mkono wa mwalimu wake, akaurudisha mdomoni.

"Bibi," akasema, "huu ni wa kweli."

Vilikuwa vipande alivyovificha kutoka kwenye mkate aliokuwa akimegewa na Unaisa, akavishindilia pamoja. Unaisa akalia, akamega kwa midomo, akajaribu kumeza, ikashindikana. Adhuhuri haikumkuta hai.

Hababa alipomwosha ndipo alipoona jinsi mbavu zilivyotokeza, akaelewa mkate wa Lubaba ulikuwa ukitoka wapi, akaenda kumweleza Harthama yote. Sheikh akaja kaburini, akasimama nyuma ya watu. Udongo ulipokwisha kusawazishwa, Lubaba akachuchumaa, akaisoma Alhamdu kuanzia mwanzo hadi Amina, bila kukosea na bila mtu kumwambia asome. Harthama akafunika uso wake kwa kilemba. Fungu la mtoto lilirudishwa siku ileile, na aliyelifia alikuwa amekwisha kuzikwa.

Basi sisi tunaowapeleka wadogo wetu chuoni, tukifika mlangoni swali letu ni moja: amefika sura gani? Tumwogope Mwenyezi Mungu. Mtoto hutazama mdomo wa mwalimu wake muda mrefu kabla hajaufungua wa kwake, na hatujui ni nani anayelala njaa kwa kumsubiri.