Mizani ya Zimwi na Mabakuli Matupu

Mko macho? Itikeni basi, mimi sisimulii waliolala!

Paliondokea mama mmoja, Bi Mize, muuza maharage ya nazi sokoni. Kila mteja alimpimia upawa mmoja, kisha akamtilia nyongeza. Na asiyekuwa na kitu hakuondoka na bakuli kavu.

Siku moja zimwi likaja na mizani kubwa kama mlango. Kwenye kitanga kimoja likaweka sanduku lake la dhahabu, likanguruma: "Kila mfanyabiashara aweke faida yake! Asiyeliinua sanduku hili, namla!"

Wafanyabiashara wengine wakatawanyika. Bi Mize akajifunga kanga kiunoni, akaweka kibweta chake cha fedha. Sanduku kimya. Akaweka sufuria yake. Kimya. Akapanda mwenyewe, na unene wake wote. Wapi!

"Njoo nikule," likasema zimwi.

"Subiri! Faida yangu nyingine iko majumbani kwa watu." Akapaza sauti: "Jirani zangu, nileteeni mabakuli yenu!"

Wakaja mbio, mjane, mchukuzi, mama wa mapacha, kila mmoja na bakuli tupu. Zimwi likacheka hadi likakalia sanduku lake. Likawekwa bakuli la kwanza, sanduku likatikisika. La pili, likainuka. La tatu, mizani ikafyatuka, zimwi likarushwa pamoja na dhahabu yake ng'ambo ya mlima!

Likalia kutoka huko: "We mwanamke, mlikuwa na nini ndani ya mabakuli yale?"

"Hamna kitu," akajibu Bi Mize, akichochea moto. "Watu wameshakula."