Viganja Vinne vya Mpira

Ndugu zangu, asubuhi ya leo naomba mnifuate mahali ambapo mahubiri hayafiki mara nyingi. Naomba twende kwenye duka la matairi.

Alikuwepo daktari mmoja wa mifugo, upande wa mashamba ya mkonge. Siku za kazi alizalisha ng'ombe na kuchanja mbwa, akarudi nyumbani ananuka zizi. Lakini kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi alivaa helmeti. Nje ya mji wao palikuwa na uwanja wa zamani wa ndege ndogo, wa enzi ambazo wenye mashamba walikuja kwa ndege, na watu kumi na wawili hivi, mwalimu, fundi cherehani, karani wa mahakama, walikuwa wameomba ruhusa ya kuutumia kukimbizia magari. Hapakuwa na kikombe wala zawadi. Kila mtu aliendesha gari lake mwenyewe, lile lile linalopeleka watoto shule, akaingia uwanjani peke yake au kwa kuachana mbali na mwenzake, akashindana na saa.

Mkewe alimwuliza anapata nini huko. Akamjibu kwamba wiki nzima kichwa chake kinakuwa na mambo mia, ila akiingia kwenye kona kwa kasi, yote mia yanaondoka, linabaki moja tu. Mkewe akamwachia aendelee. Na mimi simhukumu, maana kuna wengine tunakaa ibadani saa mbili na mambo mia yanabaki pale pale.

Shida yake ilikuwa matairi. Kwanza alinunua magumu, yale ya safari ndefu. Yalidumu kweli, mwaka ukaisha hayajaonyesha dalili ya kuchoka. Lakini kwenye kona gari liliteleza kama sabuni bafuni, ikambidi apunguze mwendo hadi fundi cherehani akawa anamshinda kwa muda. Akaudhika, akayang'oa, akafunga malaini, mpira ambao ukiubonyeza kwa kidole unahisi unakubonyeza na wewe. Siku ya kwanza aliteremka garini akicheka kwa furaha, kwa jinsi lile gari lilivyong'ang'ania lami. Jumamosi ya pili yalikuwa vipara. Ya tatu hakwenda, kwa sababu nyuzi zilikuwa nje.

Ndipo akasikia habari za mama mmoja, mji wa pili, aliyefunga matairi ya malori na matrekta ya mashamba kwa miaka thelathini. Watu walisema mama yule akipitisha kidole kwenye tairi anajua limepita wapi. Daktari akaenda. Akamwamkia, akamweleza haja yake: anataka matairi yanayonata kwenye kona, na yasiyokwisha.

Mama hakumcheka. Alipiga jeki gurudumu moja la mbele, akachanganya masizi na mafuta ya injini, akapaka mpira kwa brashi. Kisha akatandaza boksi la karatasi chini yake, akashusha gari taratibu likakalia lile boksi, akalipandisha tena. Akalivuta boksi akamwonyesha daktari. Palikuwa na doa moja jeusi.

"Weka mkono wako hapo," akamwambia.

Daktari akauweka. Doa lilikuwa na ukubwa wa kiganja chake. Akauliza sehemu nyingine ya tairi imeandika wapi. Mama akamwambia haijaandika popote, kwa sababu sehemu nyingine yote iko hewani, inangoja zamu yake.

"Hapo ndipo gari lako linapoigusa dunia," akasema mama. "Hapo, mara nne. Uzito wote, mwendo wote, na wewe ndani yake."

Daktari alibaki ameinama, mkono uko kwenye masizi. Alikuwa ameendesha gari miaka ishirini. Alikuwa amemkimbiza mkewe hospitali kujifungua, mvua inanyesha, barabara inang'aa maji. Alikuwa amewabeba wazazi wake kuwapeleka kuzika ndugu mbali sana. Na muda wote huo, wote hao waliokuwa wakisinzia kwenye viti vya nyuma walikuwa wameshikwa na viganja vinne vya mpira, na hakuna hata mmoja aliyejua.

Na wewe uliyekuja kanisani kwa gari leo, uliwahi kulijua hilo? Ni vitu vingapi vinatushika, ndugu zangu, tusivyovijua hata ukubwa wake?

Mama akaendelea huku akifuta mikono. Akamweleza kwamba mpira unaoshika unashika kwa sababu uko tayari kujiacha kidogo pale ulipopita. Mpira usiotaka kuacha kitu chake barabarani hauna namna ya kuikamata barabara. Akatoa seti moja iliyo katikati, si ngumu kama yale ya kwanza, wala si laini kama yale ya pili. Akampa masharti: mizunguko miwili ya kwanza aende polepole mpaka mpira upate joto, apime upepo kila anapotoka na kila anapoingia, asiyatese kwa maringo. Akifanya hivyo yatamaliza naye msimu mzima.

"Lakini usije ukaniomba tairi linaloshika bila kupungua," akasema. "Hilo halijatengenezwa."

Daktari akayatunza kama alivyotunza ndama wagonjwa. Aliyapasha joto, aliyapima upepo, alipomaliza aliyaacha yapoe kivulini. Alinunua na kijiti cha chuma cha kupimia kina cha mifereji ya tairi, na kila Jumamosi jioni mkewe alimwona amechuchumaa uani anapima. Miezi miwili, na mpira ulikuwa umepungua kidogo mno. Akaanza kulipenda lile jambo la kutopungua. Akawasimulia watu. Nafikiri, kusema kweli, alianza kukipenda kile kijiti kuliko kona.

Mwezi wa tatu, rafiki yake, mwenye duka la dawa, alifika uwanjani amefunga matairi aliyoyatoa stoo. Yalikuwa yamekaa humo miaka tisa. Bado yalikuwa na vile vinywele vya mpira ambavyo tairi hutoka navyo kiwandani. Akayapigapiga kwa kiatu, akasema haya hayajui kuisha. Wenzake wakayatazama, wakayasifu. Kwa macho yalikuwa mazuri kuliko ya mtu yeyote pale.

Mwenye duka la dawa akaingia uwanjani kwanza. Daktari akaruhusiwa kumfuata baada ya dakika nzima, ili waachane mbali. Njia yao ilitoka kwenye uwanja wa ndege, ikapita nyuma ya ghala la zamani la mkonge, na kona ile haionekani mpaka uwe ndani yake.

Yule wa kwanza alipokata kona, matairi yake mazuri, yaliyokauka stoo, hayakushika kitu. Gari likazunguka, likasimama likiwa limeziba njia, injini imezimika, mlango wa dereva umeelekea kule daktari anakotokea. Akauvuta mkanda wake ufunguke, ukakataa. Mshika bendera, mwenzao wa kuonya wanaokuja, alianza kukimbia na bendera yake ya njano, ila alikuwa bado mbali.

Daktari akatokea.

Kushoto ukuta wa ghala. Kulia mapipa ya chuma yaliyojazwa mchanga. Mbele yake mlango, na kwenye kioo cha mlango uso wa mtu aliyekula naye chakula siku ya sikukuu. Hakuwaza kijiti. Hakuwaza msimu. Alikanyaga breki kwa nguvu zote alizopewa na Mungu, na magurudumu yote manne yakagoma kuzunguka. Mpira ukalia, moshi ukapanda, na gari likaenda, likaenda, likaenda polepole zaidi, likasimama.

Rafiki yake alipofanikiwa kuufungua mkanda akasukuma mlango atoke. Mlango ukagonga bampa la gari la daktari. Haukufunguka wote. Ilimbidi atoke kwa ubavu.

Daktari naye akashuka. Kisha daktari akageuka kutazama nyuma, akaona mistari minne mieusi juu ya lami: mpira wake wa msimu mzima, ulioachwa pale.