Maji Yaliyokuja Ugeni

Mama Tekla, jirani yangu aliyeolewa Ghana akakaa huko miaka tisa, ndiye aliyenipa ngano hii tulipokuwa tukichambua mboga. Nami nawapa kama nilivyopewa.

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na watu na kiu yao!

Hapo kale, katika nchi ya Waakani huko Ghana, palikuwa na kijiji ambacho kijito chake kilikufa. Kilikauka, kikapasuka, kikawa njia ya mbuzi. Wanawake walikwenda mpaka kijiji cha tatu kuomba maji, wakarudi na nusu ndoo ya maji na ndoo nzima ya matusi.

Kijijini humo aliishi Esi, mwanamke mdogo mwenye haya, aliyesema taratibu kama anayeogopa kuamsha kuku. Esi alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Sasa sikieni desturi ya huko: mtoto si wenu mpaka siku ya nane. Kabla ya hapo ni mgeni tu, anawatazama kama mnafaa. Siku ya nane hudondoshewa ulimini tone la maji ya nyumbani, hupewa jina, akawa mtu. Asipoyapata maji ya nyumbani hubaki mgeni. Na mgeni, jamani, hurudi kwao.

Mtoto wa kwanza wa Esi alirudi siku ya tano. Kwa hiyo huyu wa pili alimwekea kibuyu kidogo mvunguni mwa kitanda, maji ya mwisho ya kile kijito. Hakunywa yeye, hakumpa mtu.

Mbiu ikapigwa. Ko-ko-ko!

"Msaragambo! Kazi ya kijiji kizima! Mwenye mikono aje! Mwenye visingizio aje navyo, tuvizike shimoni!"

Watu wakaanza kisima nyuma ya ua wa Esi. Wakachimba, wakachimba, wakachimba. Mtoto alipotimiza siku tano, maji yakatokeza chini kabisa, yakasema:

"Hodi!"

Nana Obiri, mkuu wa kijiji, akainama shimoni, midomo imembabuka kwa kiu. "Umekuja na nini? Utakaa siku ngapi?"

Maji yakajibu:

"Nimetoka mbali, miguu yauma. Sijapewa, naulizwa. Narudi!"

Chubwi! Shimo likabaki kavu.

Siku ya sita: "Hodi!"

Akatangulia Sarpong, mpiga mbiu. "Hodi gani? Jana ulitukimbia! Sema shida yako upesi, watu wana ndoo hapa!"

"Nimetoka mbali, miguu yauma. Sijapewa, naulizwa. Narudi!"

Chubwi!

Siku ya saba asubuhi: "Hodi!"

Akaja Bibi Serwaa, mama mkwe wa Esi, kabeba kiti. "Nyie wanaume hamjui kupokea mgeni. Pisheni! Karibu, mgeni, keti. Haya, safari yako ni ya nini?"

Maji yakapanda mpaka ukingoni. Yakakaa. Yakangoja. Kisha yakasema:

"Nimetoka mbali, miguu imepoa. Koo je? Sijapewa, naulizwa. Narudi!"

Chubwi!

Nana Obiri akavua kofia. "Basi, jamaa zangu. Fungeni mizigo. Kesho tunahama."

Esi aliyasikia yote akiwa ndani, maana mzazi hatoki kabla ya siku ya nane. Akawaza. Zamani, mgeni akifika kwa Waakani, hupewa kiti, kisha hupewa maji, ndipo huulizwa safari yake. Tangu ukame uingie watu waliacha kumpa maji, wakamuuliza mlangoni. Wakazoea. Wakasahau kwamba wamesahau.

Lakini maji ya kumpa mgeni yako wapi? Esi alijua yaliko.

Moyo ukamwambia: nyamaza, kesho ni siku ya nane. Moyo huohuo ukamjibu: wakihama, mwanao atapewa jina njiani, na jina la njiani ni la msafiri.

Alasiri sauti ikatoka shimoni, nyembamba kama uzi: "Hodi ya mwisho!"

Watu walikuwa wakifunga mizigo, hakuna aliyejibu. Esi akamfunga mtoto mgongoni, akachukua kibuyu, akatoka.

"Mzazi! Rudi ndani!"

"Esi, wewe! Unayapelekea maji maji?"

Sarpong akashika mbavu. "Kesho atalipelekea jua kibatari!"

Esi akaenda moja kwa moja mpaka kisimani. "Karibu, mgeni," akasema. "Kiti hiki hapa. Na maji haya."

Akamimina. Tone, tone, tone, mpaka la mwisho.

"Maji ya mjukuu wangu!" Bibi Serwaa akalia, akashika kichwa.

Esi akapiga magoti ukingoni. "Sisi huku ni kwema. Wewe ndiye mwenye safari. Tueleze."

Kisha shimoni kukasikika mtu akimeza. Gu, gu, gu.

"Ahsante, mwenyeji. Nami nimekuja kwa wema. Nilikuwa natafuta nyumba yenye wenyewe. Nimewaona. Nakaa."

Maji yakapanda kisima, yakafika kitini, yakamlowesha Nana Obiri miguu. Watu wakafungua mizigo wakicheka na kulia. Sarpong alikuwa wa kwanza kunywa. Haya aliifunika kwa ndoo.

Siku ya nane kabla jua halijatoka, Bibi Serwaa alimdondoshea mtoto tone la kisima ulimini. "Ukisema maji, yawe maji; neno lako liwe kweli." Mtoto akalamba, akapiga chafya. Wakamwita Ababio, yaani aliyekuja tena, maana walisema ni yule wa kwanza, safari hii amekuja kukaa.

Ngano yangu imefika kwake, imevua viatu. Funzo lake: desturi huachwa siku ya shida, kumbe iliwekwa kwa ajili ya siku hiyo. Nanyi mkija kwangu msihofu, maji yapo. Ila kiti ni kimoja, mkae kwa zamu.

Mnauliza asubuhi iliyofuata Esi alifanya nini? Alilala. Bibi Serwaa alimwita mara tatu kwa uji, na mara tatu Esi akajigeuza upande wa mwanawe, akalala tena.