Mafundo Mia, Ijumaa Tisini na Tisa

Wamesimulia watu wa visiwa vya Maluku, huko Indonesia, na ajuaye ukweli wote ni Mola peke yake, kwamba palikuwa na kijiji kidogo cha Waislamu ufukweni, jina lake Wairuma. Nyumba zake hazikufika arobaini, nazo zilisimama juu ya nguzo. Maji yakijaa yalipita chini ya sakafu, hata aliyejinyoosha mchana alijihisi yuko safarini. Bahari yake ilikuwa angavu, ukiinama unauona mwanga wa jua ukitembea taratibu juu ya matumbawe. Wageni walisema pale ni mahali pa kuota. Wenyeji walicheka, maana ndoto haiingii chunguni, na kila mwaka vijana wawili watatu walifunga virago wakaenda kutafuta maisha katika mji wa bandari.

Riziki yao kubwa ilikuwa makombe yenye umbo la pia ya kuchezea watoto, ambayo ndani hung'aa kama lulu na mafundi wa mbali huyachonga vifungo vya nguo. Wazee waliona kwamba yakichukuliwa kila siku yatakwisha, basi wakaweka mwiko, ambao huko huitwa sasi. Imamu alisoma dua, kuti changa la mnazi likafungwa kwenye mti uliosimikwa majini, na watu wote wakaapa mbele ya Msahafu kwamba hakuna atakayegusa kombe hata moja mpaka zipite Ijumaa mia moja. Ili hesabu isipotee, walimchagua mtu wa kutunza kamba. Kila Ijumaa, baada ya swala, mtu huyo alipiga fundo moja.

Aliyetunza kamba zama hizo ni Bibi Saharia, mjane mcha Mungu, Mola amrehemu. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Tamrin, na mkewe Tamrin, Marwia, alikuwa na mimba ya miezi sita. Tamrin alikuwa amekwisha kusema bila kuficha kwamba makombe yakitoka na kununuliwa, ataezeka nyumba yake upya na kubaki. Yasipotoka, ataondoka na mkewe, na mtoto atazaliwa bandarini. Nyumba nyingine kama kumi zilikuwa na kauli hiyo hiyo.

Mnunuzi alikuwa nahodha wa Kibugisi, kabila la mabaharia wa huko, jina lake Daeng Masiga, mtu mpole asiye na maneno mengi. Chombo chake kiliwasili Jumatano, na Ijumaa ya wiki ile ndiyo iliyongojwa kwa fundo la mia. Watu walisuka vikapu, wakacheka kwa jambo lolote.

Asubuhi ya Alhamisi Marwia alikaa kwenye ngazi akimchana mama mkwe wake nywele kwa mafuta ya nazi. Wakakumbushana homa ya mwaka uliopita, iliyomlaza Bibi Saharia siku tisa. Katika homa ile alimwona marehemu mumewe akitembea juu ya bahari bila kulowa miguu, akimwambia kwa upole kwamba Ijumaa imempita. Alipopata nafuu jambo la kwanza alilolifanya ni kuitafuta kamba na kupiga fundo lililokosekana.

Marwia akacheka. "Mama, fundo lile nilikupigia mimi. Nilikuona umelala, nikasema Ijumaa isimpite mama yangu."

Hakujua alilolisema: kwamba Ijumaa moja ilikuwa imepigwa mafundo mawili. Chanuo likaendelea kushuka kichwani, na Bibi Saharia hakulisikia tena.

Mchana aliingia majini hadi magotini, akasimama peke yake. Chini ya miguu yake makombe yalikuwa yametulia, makubwa, yamenona. Ndugu zangu, nikiri: mimi niliposimuliwa kisa hiki nilisema moyoni, wiki moja ni nini? Naye alisema hivyo hivyo. Kombe halijui Ijumaa wala Jumanne. Aliyekosea alikosea kwa huruma, na mgonjwa hana lawama. Mola ni Mwingi wa kusamehe. Hoja zote zilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomtisha, kwa sababu maishani mwake hakuwahi kuhitaji hoja nyingi kiasi hicho ili kufanya jambo la halali.

Tena alimpenda mwanawe. Aliogopa kuzeeka bila sauti ya mtu ndani ya nyumba, na alitamani kumpakata mjukuu wake. Alijua kwamba akisema, chombo kitaondoka na vyote hivyo. Akatoka majini, akatia udhu, akaswali, na hakumwambia mtu.

Ijumaa baada ya swala watu walikusanyika mbele ya msikiti na vikapu vyao. Imamu Lukumani, mzee wa kauli fupi, akamwomba Bibi Saharia alete kamba ipigwe fundo la mwisho. Akaileta kwa mikono miwili, akalipiga fundo mbele yao, kisha akasema:

"Imamu, mafundo ni mia. Ijumaa ni tisini na tisa."

Akaeleza habari ya homa, na kwamba jana ndipo alipojua. Hakumtaja aliyepiga fundo la kwanza, alisema tu kuna mtu alimhurumia. Marwia akainuka pale wanawake walipokuwa wamekaa, akasema mtu huyo ni yeye.

Manung'uniko yakaanza. Mmoja aliuliza kwani bahari imeandikiwa kalenda, mwingine akasema bibi kizee ameamua kuwafukuzia watoto. Daeng Masiga akajibu kwa heshima kwamba hawezi kungoja, anatarajiwa visiwani mbele, na hatapita tena kabla ya miezi mitano. Macho yote yakamrudia imamu, kwani ilikuwa wazi kwamba neno lake moja la ruhusa lingetosha.

Imamu akauliza, "Tuliapia mafundo, au tuliapia Ijumaa?"

Kisha akaokota kikapu chake kitupu, akaenda nacho nyumbani, na mmoja mmoja wakamfuata.

Tamrin hakumgombeza mama yake, na afadhali angemgombeza. Jumamosi alipanda chomboni pamoja na vijana wengine kumi na mmoja. Marwia alikataa kwenda. Alimwambia mumewe kwamba Ijumaa aliyoiharakisha yeye, ataingoja mwenyewe. Bibi Saharia alisimama ufukweni akalia waziwazi, mpaka tanga likawa dogo, kisha likawa halipo.

Wiki ile ilipita kama usingizi wa mchana. Bahari ilikuwa shwari, kuti la mwiko likining'inia bila kutikisika. Wapo waliompita Bibi Saharia bila salamu, naye aliwasalimia yeye kwanza. Jioni yeye na mkaza mwanawe walikula mkate wa sagu, unga utokao katika shina la mti.

Ijumaa ya mia ikafika. Baada ya swala Bibi Saharia alimkabidhi imamu kamba, akasema atafutwe mwingine, yeye amekwisha kosea. Imamu akamrudishia.

"Tulikupa kwa kuwa unajua kuhesabu," alimwambia. "Sasa tunakuachia kwa kuwa unajua kukiri."

Walipoteremka kwenda kulifungua kuti waliona mtumbwi mdogo ukiingia. Mpigaji kasia alikuwa Tamrin, viganja vimechubuka, amekonda kwa siku chache. Alimwendea mama yake moja kwa moja, akapiga magoti mchangani, akamweleza yaliyomrudisha. Chomboni, alisema, kila aliyemuuliza habari za kwao, yeye alimsimulia habari ya mafundo, ili amlalamikie mama. Walimsikiliza, wakaendelea na kazi zao. Katika kisiwa cha pili akapanda abiria mzee asiyemjua, naye akasimuliwa. Mzee yule alimuuliza kama mama huyo yu hai. Akamjibu yu hai.

"Akaniambia, 'Basi unakwenda wapi?'"

Alishuka kisiwani hapo hapo, akaazima mtumbwi, akapiga kasia siku tatu.

Mwiko ukafunguliwa. Walizamia wote pamoja, na makombe yaliyotoka yakalazwa chini ya nyumba miezi mitano kumngoja Daeng Masiga, kwa maana ganda halina haraka. Sitawadanganya kwamba njaa haikuwagusa, iliwagusa. Wala si vijana wote waliorudi, saba kati yao walibaki bandarini mpaka wakazikwa huko. Lakini mtoto wa Marwia alizaliwa Wairuma, akapokelewa na mikono ya bibi yake.

Enyi mnaosikiliza, vijiji vyetu navyo vinahamwa, na kila anayeondoka ana hoja nzuri. Sisemi mtu asisafiri, ardhi ya Mungu ni pana. Nasema hivi tu: kama mahali ulipo yupo mtu mmoja ambaye neno lake halipungui hata wiki moja, usidhani pale hapana riziki. Jenga karibu naye, na umwombe Mola watoto wako wafanane naye.