Kiti cha Nafasi ya Kwanza

Mtu mmoja alikuwa na gari kuukuu na mahali pa kuliegesha. Gari alilipenda, mahali alipalinda. Jina lake Nurudini, dereva wa malori ya masafa marefu mpaka mgongo ulipomwomba apumzike. Jengo alimokaa lilikuwa la ghorofa tatu, kaya kumi na mbili, na mbele yake uwanja mwembamba wenye nafasi nane ambazo mwenye jengo alisema ni za wote. Za wote ni neno tamu sana siku ya kuhamia. Mwezi haujaisha, kila mwenye gari alikuwa ameshachagua yake, na kila alipotoka aliiachia mlinzi: huyu tairi, yule matofali mawili, mwingine fimbo ya deki iliyosimikwa kwenye kopo la saruji. Nurudini aliweka dumu la njano lililojaa mchanga, akaliandika namba ya gari lake kwa rangi nyekundu, asije mtu akadhani ni dumu tu.

Yake ilikuwa ya nane, kule mwisho, ng'ambo ya mtaro. Ya kwanza, hatua nne kutoka mlango mkuu, ilikuwa na kiti. Kiti cha plastiki, cheupe kwa asili, mguu mmoja umefungwa waya. Kwa miaka sita hakuna gari lililoonekana hapo, wala mkono uliothubutu kukisogeza. Wengine walisema ni cha mwenye jengo, ambaye angeweza kuja siku yoyote. Wengine walisema ni cha mjeshi wa ghorofa ya pili, ingawa ghorofa ya pili hajawahi kukaa mjeshi. Ilisimuliwa pia kwamba fundi bomba mmoja alikisukuma kando ili ashushe vifaa vyake, na wiki hiyohiyo betri ya gari lake ikafa. Betri yenyewe ilikuwa na miaka saba, lakini hilo halikusimuliwa.

Ikawa siku moja Hidaya, mkewe Nurudini, anashuka garini na kapu la sokoni, akateleza pale mtaroni, akavunjika mfupa wa paja. Alilazwa wiki tatu. Daktari akasema Alhamisi atatoka, atatembea kwa kifaa cha kushikilia, hatua chache tu kwa siku, na asithubutu kuvuka shimo wala mtaro, maana mfupa ukiachia tena hautaungwa mara ya pili. Nurudini akaenda kuhesabu hatua kutoka nafasi ya nane hadi mlangoni. Arobaini na moja, na mtaro juu yake. Akahesabu tena, kana kwamba mara ya pili zingepungua.

Akamwendea Shemahonge, mwenye nafasi ya pili, amwombe wabadilishane kwa mwezi mmoja.

"Ndugu yangu, shemeji namwonea huruma kweli," alisema Shemahonge, mkono kifuani. "Lakini nikikupa nafasi leo, mwezi ukiisha utanirudishia nafasi au utanirudishia maneno?"

Akamwendea Mama Jeska, mwenye nafasi ya tatu. Huyu gari lake aliliuza mwaka juzi, ila nafasi bado aliiwekea kinu.

"Mama Jeska, gari huna."

"Sina leo. Siku nikinunua jingine, baba, nitalibeba kichwani?"

Basi kikabaki kile kiti. Mtu aliyevuka mipaka minne na mzigo wa shaba, akawabembeleza maofisa kwa lugha asizozijua, akalala siku tisa kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa bila kutukana mtu, alisimama mbele ya kiti cha plastiki akiwa na jasho mgongoni. Angeweza kukinyanyua kwa vidole viwili. Lakini akajiuliza: nikikisogeza mimi, dumu langu litaheshimiwa na nani? Kwa sababu hiyo hakukigusa. Akaanza kukichunguza.

Mambo mawili yakamshangaza. La kwanza, kiti kilikuwa safi. Uwanja mzima ulikuwa na vumbi, tairi la Shemahonge lilikuwa limeota nyasi, lakini kiti kilikuwa kimefutwa, tena asubuhi ileile. La pili hakuwahi kuliona kwa miaka sita, na alipoliona alicheka peke yake kama mwehu. Vitu vyote vilivyolinda nafasi vilitazama barabara, kama askari wa lindo. Hata namba ya dumu lake aliiandika upande wa barabarani. Kiti hiki kiliipa barabara mgongo. Kilitazama dirisha.

Lilikuwa dirisha la nondo, pazia la maua, la nyumba ya chini upande wa mbele. Hapo alikaa Bi. Siwema. Nurudini alijua jina lake kwa kulisikia tu. Walitenganishwa na kuta mbili, lakini katika kuulizia kiti ni cha nani, hakuna aliyewahi kubisha mlango ule. Bi. Siwema hakuwa na gari, kwa hiyo katika mambo ya uwanja hakuhesabika.

"Hodi!"

"Karibu, karibu ndani! Nani huyo?" Sauti ilikuwa na haraka, kama ya mtu anayeogopa mgeni asije akageuza njia.

"Shikamoo, bibi. Ni Nurudini, jirani yako wa nyuma."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye gari linalokohoa asubuhi."

Akakubali kwamba ndiye. Akakaa, akapewa chai ya tangawizi kabla hajaulizwa shida, na shida ilipoulizwa akaieleza yote: mfupa, mtaro, hatua arobaini na moja. Kisha akasema kwa heshima kubwa kwamba amekuja kumjua mwenye kile kiti, ili amwombe ruhusa ya mwezi mmoja, maana yeye si mtu wa kuvunja katazo la mwenzake.

Bi. Siwema akaweka kikombe chini.

"Katazo?" alisema. "Mwanangu, miguu yangu haifiki mbali, nilikiweka pale mtu akipita akae, tusalimiane."

Bibi akaendelea, bila ubaya, kwamba kila alfajiri hujikongoja kukifuta, kisha hurudi kukaa dirishani. Na kwa kuwa kwa miaka sita hajakaa hata mmoja, aliona tu kwamba watu wa jengo hili wana haraka.

Alhamisi saa kumi jioni gari linalokohoa liliingia nafasi ya kwanza. Kiti kilikuwa kimesogezwa mpaka chini ya dirisha, kikitazama palepale. Hidaya alishuka, akashika kifaa chake, akapiga hatua moja, ya pili, ya tatu. Kabla ya ya nne nguvu zikamwishia. Nurudini akamshika kiuno, akamketisha kwenye kiti. Mkono wenye mishipa ukatoka kati ya nondo ukiwa na bilauri ya maji.

"Pole, mama. Kunywa taratibu, hakuna anayekukimbiza."

Hidaya akanywa, akavuta pumzi, akainua macho kumtazama aliyempa. "Bibi, kumbe siku zote upo hapa?"

"Nipo. Nakujua hata kikohozi chako."

Shemahonge alikuwa ameegemea ukuta wa veranda yake juu, macho yamemtoka. "Wewe Nurudini! Umekisogeza? Nani kakupa ruhusa?"

"Shuka ukae, utaambiwa!" alijibu Nurudini.

Shemahonge hakushuka siku ile. Alibaki juu, akiwatazama wanawake wawili wakicheka kitu asichokisikia.

Nanyi mliosikia, nawauliza hili tu: katika milango yote mnayoipita bila kubisha, kwa sababu mmeona kitu kimewekwa mbele yake, ni mingapi iliyokuwa ikiwakaribisha?